Guruguru: Mjusi Mwenye Deraya na Ufa Wake Mwambani

Utangulizi

Makosa ya mwalimu mwanagenzi ni mengi na aghalabu husahaulika upesi. Moja langu limekataa kusahaulika, nalo ndilo lililozaa makala haya. Nilikuwa katika mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upili upande wa Naro Moru, kaunti ya Nyeri, mahali ambapo Mlima Kenya hujitokeza alfajiri na kujitanda mawingu kabla ya saa nne. Kidato cha pili walikuwa wakisoma kifungu cha ufahamu ambamo neno guruguru lilitajwa mara moja tu, tena kwa kupita. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliinua mkono akauliza maana yake. Nilimjibu kama kamusi nyingi zinavyotujibu: ni aina ya mjusi mkubwa. Akageuka kutazama nje. Juu ya ukuta wa mawe nyuma ya maktaba palikuwa na mjusi mwenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha samawati, akiinua na kushusha kichwa kama mtu anayeitikia hotuba. "Kama yule, mwalimu?" Nikasema, "Naam, kama yule." Wanafunzi wapatao arobaini wakaandika katika madaftari yao.

Yule hakuwa guruguru. Wala hakuwa jamaa yake wa karibu. Nimezaliwa na kulelewa Nyeri, na sikuwa nimewahi kumwona guruguru, jambo ambalo si ajabu kwa kuwa haishi huko. La ajabu ni kwamba nilikuwa nimelisoma neno hilo tangu shule ya msingi, na sasa nililifundisha, bila kujiuliza hata siku moja kiumbe mwenyewe ana umbo gani, hula nini na hulala wapi. Makala haya yananuia kumweleza kiumbe huyo kwa kadiri nilivyojifunza tangu siku ile, kisha yarejee kwenye jina lake. Yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Kiswahili, hususa wenzangu wa bara ambao msamiati wa pwani tumeupokea kwa vitabu kabla ya kuupokea kwa macho. Msomaji wa elimuviumbe atanisamehe nikikawia kwenye yale anayoyajua.

Kiumbe mwenyewe

Nilimwona kwa mara ya kwanza karibu na Voi, nilipokwenda kukusanya ngano kwa ajili ya tasnifu yangu. Mzee aliyenikaribisha aliniuliza ninakotoka, nikamweleza, na mazungumzo yakaelekea kwenye wanyama wa kwetu na wa kwao. Nilipolitaja kosa langu la darasani alicheka sana. "Kijana," akasema, "kesho jua likishapanda njoo nikuonyeshe." Kesho yake tuliketi mkabala wa kilima kidogo cha mawe, naye akaninong'oneza nitazame ufa mmoja uliokuwa kimo cha kifua changu. Tulikaa kimya muda mrefu. Kisha kikatokea kichwa kifupi, butu, cha rangi ya udongo mkavu. Ningeambiwa ni nyoka ningesadiki. Kichwa kikakaa pale pale kikipata joto, na baada ya dakika nyingi kiwiliwili kikafuata, taratibu, kama mtu mnene anayetoka katika gari dogo.

Guruguru huyu ndiye ambaye wataalamu humwita Broadleysaurus major. Wengi wao huwa na urefu wa sentimita 30 hadi 45, mkia ukiwamo, na walio wakubwa kabisa hukaribia nusu mita. Mkia peke yake hushinda kichwa na kiwiliwili kwa urefu. Miguu ni mifupi lakini ina nguvu na kucha kali. Kinachomtambulisha mara moja ni magamba ya mgongoni: ni mapana, yana pembe nne kama vigae, kila moja likiwa na ukingo mkavu ulioinuka katikati, nayo yamepangwa safu baada ya safu, kwa urefu na kwa upana, kama paa la nyumba lililoezekwa na fundi asiyependa haraka. Tumboni magamba ni laini na bapa. Rangi yake ni ya kahawia au ya mchanga, isiyovutia jicho. Mtu akimpita mwambani huenda asimwone kabisa.

Ni mjusi wa mchana. Hutoka jua likiwa limekwisha kuupasha mwamba joto, akaota, akaenda kutafuta chakula, na joto likizidi akarudi kivulini. Hula panzi, mende, jongoo na wadudu wengine, hula pia vinyama vidogo akivipata, na kinyume na mijusi wengi tunaowajua, hupenda matunda na maua yaliyodondoka. Jike hutaga mayai machache tu, kati ya mawili na sita, makubwa kwa kulinganisha na mwili wake. Makazi yake ni nyufa za miamba, mashimo ya ardhini na vichuguu vilivyopasuka. Hapo ndipo kamusi zinapopata lile neno shimoni, na si uongo. Ila mwenye kusoma shimoni peke yake atamfikiria kiumbe afukuaye chini kama fuko, ilhali yeye hupenda kupanda juu ya jiwe na kutazama.

Kuhusu tabia yake kwa binadamu, hana ubaya. Ni mpole mno, na akishikwa ni nadra kuuma. Hana sumu. Nalisisitiza hili kwa sababu kichwa kile butu kikichungulia kutoka ufani kimewaponza wengi wa jamii yake. Mtu huokota fimbo kwanza, akauliza baadaye.

Deraya

Deraya, kama tujuavyo, ni vazi la vita la chuma. Guruguru huvaa yake ndani ya ngozi. Chini ya kila gamba la mgongoni pana kibamba chembamba cha mfupa kilichoota ndani ya ngozi yenyewe, na vibamba hivyo hupandiana kingo kama magamba yaliyo juu yake. Si sehemu ya uti wa mgongo wala ya mbavu. Ni mfupa wa pekee, wa ngozi. Mamba naye ana kitu cha namna hiyo mgongoni. Kenge hana deraya ya namna hii. Na kwa kuwa watu humchanganya guruguru na kenge mdogo, hebu tutenganishe hapa: kenge ana shingo ndefu, ulimi mrefu uliopasuka ncha kama wa nyoka, na ngozi yenye magamba madogo madogo kama shanga. Guruguru karibu hana shingo, na ukimgusa ni kama umegusa ganda la nanasi kavu. Waliosema kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo hawakumtaja guruguru, naye hafanani na kenge hata akijitahidi.

Vazi gumu kama hilo lina shida yake. Mfupa hautanuki. Mnyama aliyefungwa kifuani kwa mfupa atapumuaje? Atashibaje? Jike atabebaje mayai? Jibu limo ubavuni. Kutoka nyuma ya taya hadi karibu na mguu wa nyuma, kila upande, pana mkunjo mrefu wa ngozi laini yenye magamba madogo kama punje. Deraya ya mgongoni na ile ya tumboni hazijaunganishwa. Zimeachana kwenye mkunjo huo. Guruguru akivuta pumzi, akishiba au akiwa na mayai, mkunjo hufunguka kama ushi wa joho. Nilipouona kwa karibu nilielewa kwa nini wataalamu hutumia mkunjo huu kuitambua jamii nzima.

Na mkunjo huo huo ndio silaha. Tai akipita juu, au nguchiro akitokea nyasini, guruguru hakimbilii mbali. Hukimbilia ufa wake, akajiingiza kwa kichwa, kisha akavuta pumzi nyingi. Mwili huvimba, magamba makavu ya mgongoni hukwama kwenye jiwe la juu, tumbo hukandamiza jiwe la chini, na hapo kumtoa ni kazi. Ukimvuta kwa mkia, mkia huweza kukatika ukabaki mkononi mwako ukichezacheza, naye akasalia ndani mzima. Baadaye huota mwingine, mfupi na usio mzuri kama wa kwanza.

Hapa ndipo nilipobadili fikira zangu kuhusu deraya. Nilikuwa nimeifikiria kama ngao: adui auma, meno yakatae. Hilo lipo. Lakini deraya ya guruguru bila ufa ni nusu ya kitu. Ugumu wake, ukavu wake, hata umbo lake bapa, vyote vimefanyiwa jiwe. Mwambani ni kufuli. Uwandani ni mjusi mnene anayekimbia.

Wanyama wengine wameifanya hesabu hiyo kwa njia tofauti. Kakakuona wetu hahitaji ufa kujilinda. Hujiviringa akawa mpira wa magamba, na hata simba humgeuzageuza akachoka. Afrika Kusini, katika nchi kame ya upande wa magharibi, yuko mjusi mdogo mwenye miiba, Ouroborus cataphractus, ambaye akikamatwa nje ya ufa wake huuma mkia wake mwenyewe akawa pete ya miiba, tumbo laini likiwa ndani. Huishi kwa makundi katika nyufa za miamba na hula mchwa kwa wingi. Utafiti uliofanywa juu ya jamaa zake wa familia ya Cordylidae umeonyesha kwamba deraya ikizidi uzito, mbio hupungua. Hakuna apataye vyote viwili. Na kinyume kabisa cha hawa wote ni kobe bapa wa nyufani, Malacochersus tornieri, apatikanaye Kitui na Mwingi, na Tanzania pia. Yeye ametoka katika ukoo wa wenye nyumba za mfupa, kisha akaipunguza nyumba hiyo hadi ikawa nyembamba na yenye kunepa, apate kujipenyeza ufani. Kobe aliyetupa ngao yake kwa sababu ya ufa: sijui kama yuko mtunzi wa ngano aliyewahi kufikia hapo.

Kwa nini hayuko Nyeri

Swali hili wanafunzi wangu wangeniuliza, na nilistahili kuulizwa. Nyeri ina mawe. Machimbo ya mawe ya kujengea yako tele, na njia ya kutoka Chaka kwenda Nanyuki inapita kwenye mawe meusi yaliyotapakaa mashambani. Kwa nini basi guruguru asiweko?

Jibu la kwanza ni jiwe lenyewe. Mlima Kenya ni volkeno iliyozimika, na miamba yake ilimwagika ikiwa moto miaka milioni tatu hivi iliyopita. Miamba hiyo ikichakaa huwa udongo mwekundu wenye kina, ule unaoipa Karatina viazi na kahawa. Ukiteremka upande wa mashariki, ukaiacha Embu nyuma na kuelekea Mbeere, Tharaka na Ukambani, unakutana na miamba ya namna nyingine: mikongwe, ya zaidi ya miaka milioni 500, iliyotokeza juu ya ardhi kama migongo ya viboko. Hii hupata joto mchana na baridi usiku, ikabanduka maganda makubwa, ganda juu ya ganda, na kati ya maganda hayo hubaki nafasi nyembamba, ndefu, kavu. Ndiyo nyumba.

Jibu la pili, na zito zaidi, ni baridi. Mji wa Nyeri uko yapata mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Voi iko yapata mita 600. Aliyelala Nyeri mwezi wa Julai, msimu ambao sisi huuita gathano, anajua jinsi ukungu unavyoweza kukaa siku nzima bila jua kuonekana. Mjusi hana moto wake mwenyewe mwilini; huazima jua. Tena mayai yaliyofukiwa ardhini yanahitaji udongo wenye joto kwa muda mrefu. Guruguru ni mtu wa nyanda za joto: mashariki na kusini-mashariki mwa Kenya, pwani, sehemu kubwa ya Tanzania, kusini hadi Afrika Kusini, na kaskazini hadi pande za Eritrea, na upande wa magharibi kuvuka bara hadi Ghana na Togo.

Mijusi waishio mlimani wamelazimika kutafuta hila nyingine. Kinyonga mwenye pembe tatu, Trioceros jacksonii, ambaye kila mtoto wa Nyeri amemkuta kwenye ua wa nyumba na kumwita kimbu, hatagi. Mayai hubaki tumboni mwa mama, naye huota jua kwa niaba yao, hata watoto wakazaliwa hai. Ndivyo ilivyo pia kwa kinyonga mdogo wa nyasi za juu mlimani, Trioceros schubotzi. Nilipokuwa mdogo tuliwaogopa sana vinyonga hawa. Sasa nawaheshimu kwa ajili ya hesabu yao ya baridi.

Kuzaa watoto hai kumetokea hata miongoni mwa mijusi wa deraya wa Kenya, ingawa si kwa guruguru. Kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, katika nchi ya Wamaasai, yuko mjusi mdogo wa miambani aitwaye Cordylus beraduccii, mwenye magamba yenye miiba yaliyomzunguka kama pete, mkiani hasa. Alielezwa na Broadley na Branch mwaka 2002 tu. Binamu yake wa pwani, Cordylus tropidosternum, huishi chini ya magome ya miti. Wote wawili, kama jenasi yao nzima, huzaa. Kwa hawa wawili sijapata jina la Kiswahili katika kamusi yoyote niliyofungua. Kuwaita guruguru wadogo kungekuwa kurudia kosa langu la Naro Moru kwa njia nyingine.

Yule wa ukutani

Ni haki nimtaje pia yule niliyemsingizia jina. Mjusi wa ukuta wa maktaba ni Agama lionotus, aliyeelezwa na Boulenger mwaka 1896. Tofauti na guruguru, yeye hana kibamba cha mfupa ndani ya ngozi. Magamba yake yana ncha kali, hasa shingoni na mkiani, lakini ni magamba tu. Dume mkubwa ndiye mwenye rangi zile za kujionyesha, na ukuta mmoja huwa na dume mmoja wa namna hiyo, majike kadhaa wa kahawia wenye madoa, na madume wadogo wanaojificha rangi wasije wakapigwa. Akiogopa au jua likizama rangi hufifia. Kule kuinua na kushusha kichwa si kuitikia hotuba bali ni tangazo kwamba ukuta una mwenyewe.

Anaye ndugu mmoja wa nyanda za juu za Kenya anayestahili kutajwa kwa jina, Agama caudospinosa, ambaye Meek alimweleza mwaka 1910 kwa sampuli kutoka Elmenteita. Ni wa Kenya peke yake. Jina lake la Kilatini maana yake ni mkia wa miiba, na mkia wenyewe umezungukwa na pete za magamba yaliyochongoka. Huyu angalau ningeweza kumtetea mbele ya wanafunzi kwamba ana silaha fulani. Lakini siye niliyeonyeshwa dirishani.

Jina

Guruguru aliingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1851, pale Duméril wa Paris alipomwita Gerrhosaurus major kwa sampuli iliyoandikwa kuwa imetoka Zanzibar. Neno hilo la kwanza limeundwa kutokana na jina la Kiyunani la ngao ya matete. Kwa hiyo hata jina la kisayansi lilibeba vazi la vita. Arthur Loveridge, aliyefika Nairobi mwaka 1914 kufanya kazi katika jumba la makumbusho na baadaye akahamia Marekani, aliipitia upya familia nzima mwaka 1942. Mwaka 2013 uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kwamba huyu wetu hakai vyema katika jenasi ya wenzake, ndipo akapewa jenasi yake, Broadleysaurus, kwa heshima ya Donald Broadley, mtaalamu wa mijusi na nyoka aliyefanya kazi Zimbabwe na kufariki mwaka 2016.

Tazama mwendo huo. Katika miaka 162 wanasayansi wamemtaja, wamemhoji, wamembadilishia jina, kila mara wakieleza kwa nini. Katika muda huo huo Waswahili walikuwa na jina lake tayari, jepesi na tamu mdomoni, na Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo. Ila maelezo tuliyomwekea hayajasonga sana: mjusi mkubwa, akaaye shimoni. Gorong'ondwa naye, jina jingine la mjusi, maelezo yake ni mafupi zaidi. Ukifungua kurasa za kamusi zetu utakutana na aina ya mjusi, aina ya ndege, aina ya samaki, aina ya mti, hadi uchoke. Najua kamusi si kitabu cha wanyama, na najua gharama ya kila mstari unaoongezwa. Hata hivyo wavuvi wa Lamu hawana samaki aitwaye aina ya samaki. Maneno haya yalipokuwa vinywani mwa waliomwona mnyama, hayakuhitaji maelezo, kidole kilitosha. Kiswahili kiliposafiri hadi Nyeri, Nanyuki na Meru, kidole kilibaki pwani, na maelezo ndiyo peke yake yaliyopanda gari.

Baadhi ya walimu wangu wameniambia kwamba hili ni jambo dogo, kwani mwanafunzi anahitaji kujua tu kwamba guruguru ni mjusi ili aelewe kifungu. Sikubaliani nao, kwa heshima. Mtunzi akisema mtu fulani alijifungia nyumbani kama guruguru, picha yote imo katika ule ufa: pumzi iliyovutwa, mgongo uliokwama dari, mkia uliotolewa sadaka. Mwanafunzi aliyemwona moyoni mjusi wa rangi akijigamba ukutani atasoma kinyume chake kabisa, na atapata alama zake kwa kuwa msahihishaji naye hajui.

Ufa ukivunjwa

Guruguru bado wako wengi katika nchi zao, wala sitaki kumtia msomaji hofu isiyo na sababu. Kinachotia wasiwasi ni nyumba. Mwamba unaobanduka maganda ndio mwamba unaopendwa na wavunja kokoto, kwa kuwa ganda huinuka kwa mtaimbo na moto kidogo. Kila mji unaokua karibu na Mlima Kenya unahitaji kokoto, na mvunja mawe ana watoto wa kulisha, simlaumu. Ila ganda moja lililoinuliwa kwa adhuhuri moja lilichukua maelfu ya miaka kubanduka, na halirudi.

Biashara ya wanyama hai imefanya madhara ya namna hiyo hiyo. Kobe bapa wa nyufani alitafutwa sana na wafugaji wa ng'ambo, na wakusanyaji walikuwa wakizipanua nyufa kwa vyuma ili kumtoa; kobe aliondoka na ufa ukafa. Mwaka 2019 aliwekwa katika orodha ya kwanza ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini, ambayo hupiga marufuku biashara ya waliokamatwa mwituni. Mijusi wa jenasi ya Cordylus wamo katika orodha ya pili, inayoruhusu biashara kwa kibali. Guruguru hayumo katika orodha yoyote kati ya hizo. Tanzania, iliyokuwa ikiuza nje mijusi wengi, ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyama hai mwaka 2016. Hata vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walipata kufika Hawaii mwaka 1972, wakaachiliwa, wakazaana, na leo wako huko kama wenyeji, wakila konokono wa visiwa ambao hawakuwahi kumjua kinyonga.

Barua

Mwaka jana nilimwandikia barua mwalimu aliyenisimamia katika ile shule, nikamweleza kosa langu, nikaambatisha picha niliyoipiga Voi na maelezo haya ambayo niliyaandika kwa mtindo wa kamusi:

guruguru nm [a-/wa-] mjusi mkubwa wa nchi za joto, mwenye mwili mpana na magamba makavu yenye pembe nne juu ya vibamba vya mfupa, na mkunjo wa ngozi ubavuni, huishi katika nyufa za miamba, mashimo na vichuguu, akitishwa hujiingiza ufani na kujivimbisha ili asitolewe, hula wadudu na matunda, hana sumu.

Ni maneno mengi kwa kamusi ya mfukoni, nakiri. Mwalimu alijibu kwamba waliokuwa kidato cha pili wakati ule walikwisha kumaliza shule na kutawanyika, kwa hiyo madaftari yale hayasahihishiki tena, lakini alikuwa amelisoma darasani mbele ya kidato cha pili cha sasa. Picha ilizungushwa dawati kwa dawati. Kisha mvulana mmoja akataka kujua: kama huyu ndiye guruguru, yule wa ukutani wetu anaitwaje kwa Kiswahili?

Bado sijamjibu. Nimekuta gorong'ondwa katika kamusi na ningeweza kumpa, ukuta ukapata jina na barua ikaisha. Nimeamua kungoja likizo ya Agosti, niteremke Mombasa na picha mbili mkononi, nimwonyeshe msemaji wa Kimvita mtu mzima moja baada ya nyingine, nikae kimya, nimsikilize anavyowaita.